Mfalme Oredani Hajafa

Kama umewahi kuingia Kisii mjini kutafuta dawa ya kupe, huenda ulihudumiwa na Job Anyona bila kumjua jina. Ni yule mwanamume mrefu wa duka la dawa za mifugo, mabega yameinama kidogo, anayekusikiliza mpaka umalize kabla hajageuka kutazama rafu. Wenye ng'ombe wanampenda kwa sababu haharakishi mtu. Ukweli ni kwamba amechoka. Mtu aliyechoka huonekana mvumilivu, na Anyona amekuwa akisifiwa uvumilivu kwa jambo ambalo ni uchovu mtupu. Hajawahi kumkosoa anayemsifu, maana hilo nalo lingehitaji nguvu.

Kazi yenyewe ni ya kusikiliza hadithi mbili za ng'ombe mmoja. Mume atasema ng'ombe aliacha kula jana. Mke, aliyesimama nyuma ya mumewe kwa adabu, atasema ni tangu Sabato iliyopita. Mume ataapa kwamba ng'ombe hajapewa dawa yoyote. Mke atainua macho kutazama dari. Anyona amejifunza kumwamini yule anayekamua, na hutoa dawa kulingana na hadithi ya huyo. Jioni hufunga duka magoti yakimuuma, kichwa kimejaa ng'ombe ambao hakuwahi kuwaona.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angelala siku yake ya mapumziko. Wapi. Jumapili baada ya chakula cha mchana Anyona huenda kwa Ombui, chumba cha nyuma ya duka la chaja na vioo vya simu, kubishana kuhusu mfalme ambaye hakuwahi kuwako.

Mfalme huyo anaitwa Oredani. Anapatikana ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Milki ya Sarnoti, wenye milima, mapanga, wachawi wa barafu, na mazungumzo mengi kuliko mapigano, jambo linalowafukuza vijana na kuwabakiza watu wa aina ya Anyona. Unapoanza kucheza, mfalme ametoweka zamani. Kazi yako ni kuzunguka katika nchi aliyoiacha ukiuliza watu. Shida ni kwamba watu wenyewe hawasemi kitu kimoja. Mtawa mzee wa hekalu anakuambia kuwa Oredani alikufa vitani kwenye kivuko cha mto Kelmi, akizuia adui ili watu wake wapate kuvuka, na kwamba mwili wake ulibebwa ukazikwa nyumbani kwake juu ya kilima. Ukivuka milima, mama mmoja anayeuza chumvi anakuambia kuwa baada ya vita ile alipita mzee mwenye mbuzi, mkono wake umekosa kidole cha mwisho kama ulivyokuwa wa mfalme. Alinunua chumvi, akauliza habari za nyumbani, akaendelea na safari yake. Waliotengeneza mchezo wameulizwa na wachezaji wa dunia nzima ni nani msema kweli kati ya hao wawili, na hawajajibu.

Ubishi wa kwa Ombui una taratibu zake. Wengi wao ni Wasabato, kwa hiyo Ijumaa jua likizama kundi lao la WhatsApp hunyamaza, hata kama mtu yuko katikati ya hoja tamu. Anyona huipenda Sabato kwa sababu zote za dini, na kwa moja isiyo ya dini: siku nzima hiyo hakuna anayemuua Oredani.

Maana Ombui humuua kila Jumapili. Ombui ni mnene, mcheshi, mwenye chumba na mwenye kompyuta, na kwake mfalme alikufa kivukoni, habari imekwisha. Mwingine ambaye sharti umjue ni Mokeira, karani wa chama cha maziwa kule Nyansiongo, ambaye huja mjini Jumapili kumtembelea dada yake na kuishia kwa Ombui. Mokeira alijiunga nao juzijuzi tu. Hana upande. Hukaa kwenye kiti cha plastiki akila njugu, asiseme neno mpaka awe na ushahidi mkononi, na akiwa nao heri ukae chini umsikilize. Anyona ndiye mtetezi. Kwake Oredani yu hai, yuko ng'ambo ya milima na mbuzi wake, na siku moja atarudi. Zamani hakuwa upande huo.

Aliyeuleta mchezo alikuwa Walter, kaka yake mkubwa, fundi wa umeme, mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika na kuifungua yote vipande vipande kabla hata ya kuiwasha. Ndugu hao wawili walicheza pamoja katika chumba kimoja cha kupanga, mmoja akishika kipanya na mwenzake akisoma maandishi kwa sauti. Walter ndiye aliyesema mfalme yu hai. Anyona alisema amekufa, na kumwambia kaka yake aache ndoto. Walibishana wakipika ugali, walibishana wakifua nguo, na siku Walter aliposafiri kwenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi walibishana mpaka uwanja wa ndege. Hata mara ya mwisho walipozungumza kwa simu, walimaliza na hayo hayo. Walter alisema mkataba wake umekwisha, anahamia kwa mwajiri mwingine, na atapiga akishapata laini mpya. Kisha akauliza, na yule mzee wa mbuzi ni nani basi, kama si yeye? Anyona akamjibu kwamba mbuzi ni wengi duniani, na wazee pia. Wakacheka, wakaagana. Simu kutoka laini mpya haikuja.

Walimtafuta. Wakala aliyempeleka alikuwa ameshafunga ofisi. Ofisi za wakubwa ziliwapa viti vya kukalia na maneno ya kungoja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine juu ya hiyo. Kule nyumbani Gesima, wanawake wa kanisani waliozoea kumwita mama yao Mama Walter walianza taratibu kumwita Mama Anyona. Walifanya hivyo kwa huruma, wasimtoneshe kidonda, na mama huyo, Persis, aliitikia kwa upole na kwenda kulia kwenye migomba.

Na Anyona naye, Jumapili moja kwa Ombui, alijikuta anasema kwamba Oredani hajafa. Ombui alicheka mpaka akashika tumbo, akamkumbusha kuwa yeye ndiye aliyekuwa mzikaji mkuu. Halafu akamtazama usoni, akakumbuka, akaacha kucheka. Tangu siku hiyo Anyona amesimama pale alipokuwa akisimama kaka yake, na hajatokea mtu wa kumpokea zamu.

Hoja yake kubwa ilikuwa kaburi. Juu ya kilima cha mfalme kuna magofu ya nyumba, na kando yake kaburi moja la mawe lisiloandikwa jina. Mtawa anasema ndilo la Oredani. Anyona alilizunguka kwa shujaa wake wa kwenye skrini, upanga mgongoni, kisha akaona jambo ambalo wachezaji wa dunia nzima walikuwa wamelipita tu: kaburi liko upande wa kushoto wa nyumba. Kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto, na sijui mtu mzima yeyote wa Kisii au Nyamira anayehitaji kufundishwa hilo. Basi aliyelala pale ni malkia, na mfalme hayumo. Anyona aliandika hoja hiyo kwenye jukwaa kubwa la wachezaji mtandaoni. Mtu mmoja wa Poland akamuuliza kwa heshima upande wa nyumba unahusiana vipi na mfalme. Anyona hakujua aanzie wapi kumweleza, akaacha.

Kwa Ombui hakuna aliyeuliza swali hilo. Walichouliza ni mlango wa nyumba ulikuwa wapi. Nyumba imebaki kuta mbili na nusu, na bila mlango huwezi kujua kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Ombui alishikilia kwamba mlango ulitazama mtoni, na hivyo kaburi likawa la kulia na mfalme akafa tena. Anyona akabisha. Jumapili nzima iliisha wakimzungusha mtu mwenye upanga katika magofu, watu wazima wenye watoto na mikopo, wakiulizana moshi ungetokea wapi na ng'ombe wangeingilia wapi. Mwisho Mokeira akaweka njugu chini, akawaonyesha jiwe la kizingiti lililofunikwa na nyasi, limetazama mlimani. Kaburi likabaki kushoto. Anyona alirudi nyumbani siku hiyo hana maumivu ya magoti, na mkewe Maureen alimuuliza kama amepandishwa cheo.

Halafu Maureen akapata mimba.

Kifungua mimba wao alikuwa ameshaitwa Nyakundi, jina la marehemu babake Anyona, na hilo halikuwa na neno. Huyu wa pili ndiye aliyeleta mambo. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Ukimpa, umemzika mwenye jina akiwa bado anapumua. Mimba ilipoanza kuonekana, Persis akaanza kupiga simu kutoka Gesima kila Jumapili asubuhi. Mara ya kwanza alizungukazunguka, akaeleza habari za majani chai na baridi, kisha akasema kwamba baba mdogo Obadiah anauliza. Obadiah anaona mtoto akiwa wa kiume apewe jina la Walter, mwenyewe apumzike huko aliko na sisi tupumzike. Je, Anyona anasemaje?

Anyona alisema hapana. Hakupandisha sauti, alisema tu hapana, tungoje. Mama yake akajibu sawa, tungoje basi, akauliza kama mjini kunanyesha, na kuaga akiwa mchangamfu kuliko alivyopiga. Anyona aliliona hilo akalihesabu kuwa tabia za wazee.

Jumapili iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata hiyo pia. Ikawa asubuhi Anyona anamkatalia mama yake, alasiri anamkatalia Ombui. Maureen, aliyekuwa akishona sare za shule mpaka tumbo likagusa cherehani, alimwona anakonda yeye aliyekuwa hana mimba, akamwambia aache angalau mmoja kati ya hao wawili. Anyona alisema ataona.

Alichoka, tuseme wazi. Kushikilia kwamba mtu yu hai ni kazi ngumu, na wanaofikiri ni faraja hawajawahi kuifanya. Aliyekufa huzikwa, watu wakalia, wakala, wakarudi shambani. Huyu mwingine anataka kushikiliwa kila siku, ukisinzia kidogo ameteleza. Anyona aliona kuwa mikono iliyomshikilia Walter ilikuwa miwili tu, na yote miwili ni yake. Mama yake alikuwa amekwisha kufa moyo, ndiyo maana anauliza. Obadiah alikuwa amekufa moyo zamani. Kuna siku dukani mteja alimweleza habari za ndama wake na Anyona akagundua kuwa hajasikia hata neno moja, akamwomba aanze upya.

Mtoto alizaliwa katikati ya juma, wa kiume, mwenye sauti. Persis alishuka kutoka Gesima siku hiyo hiyo na unga wa wimbi, ndizi, na fungu la chinsaga, ile mboga chungu ambayo mzazi hupewa ili maziwa yashuke. Alimwosha mtoto, akamkanda miguu, akampikia mkwewe mboga mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu wake. Kuhusu jina hakusema kitu. Ijumaa ikapita, Sabato ikapita, na mtoto akawa anaitwa huyu, au mgeni. Maureen alisema hataki kuingilia mambo ya mtu na mama yake, lakini mtoto wake hawezi kuitwa mgeni mpaka aingie darasa la kwanza. Jumapili alimfukuza mumewe nyumbani, akamwambia aende huko kwa mfalme wake apunge upepo, maana uso wake unamtia mtoto baridi.

Kwa Ombui alikuta kumejaa. Juma hilo waliotengeneza mchezo walikuwa wameongeza sehemu mpya, kijiji kizima upande wa pili wa milima, na kila mtu alikuwa amekipitia haraka haraka. Walimpongeza kwa mtoto, Ombui akatoa soda. Mokeira alikuwa kwenye kiti chake, na hakuwa na njugu. Anyona alipoona hilo alijua kuna jambo.

Mokeira aliomba kipanya. Akampeleka shujaa kijijini, mpaka kwenye kibanda cha mhunzi, akamsimamisha mbele ya kijana mmoja mwenye nyundo ambaye wengine wote walikuwa wamempita kwa kudhani anauza panga tu. Ukimuuliza bei, anakutajia bei. Ukimuuliza mara nyingi kuhusu ukoo wake, kama Mokeira alivyofanya kwa subira yake ya kuhesabu maziwa, anakuambia kuwa anaitwa Oredani, mwana wa Tesni binti wa mfalme. Alizaliwa majira ya baridi yaliyofuata vita vya kivukoni, na mama yake akampa jina la baba yake.

Maneno hayo yalikaa kwenye skrini. Chumba kizima kiliyasoma na chumba kizima kilielewa, maana wote walikuwa watu wa huku. Mtu wa Poland angeyasoma akaendelea kununua panga.

Mokeira alisema, "Ni binti yake mwenyewe. Sasa angempa mtoto jina la babake, na anajua mzee anachunga mbuzi hapo ng'ambo?"

Hakuna aliyeshangilia. Hata Ombui, aliyekuwa ameingoja siku hiyo muda wote, aliinama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Wale si Wakisii, Mokeira," Anyona alisema.

"Kaburi ulilisoma Kikisii, mogaka. Jina nalo unataka tulisome Kizungu?"

Hakusema kwa ubaya. Alimwita mogaka, kama anavyoitwa mtu mzima mwenye heshima zake, na hakujua habari za Walter wala za simu za Jumapili asubuhi; alikuwa amekuja Walter akiwa ameshatoweka, na simu hizo Anyona hakumsimulia mtu wa kwa Ombui. Alijua tu kwamba mtu hawezi kutumia mila kumfufua mfalme na kuikataa inapomuua.

Anyona alikuwa na jibu. Lilimjia mara moja, zima: binti hakujua. Binti aliambiwa baba yake amekufa, akaamini, akampa mtoto jina, na mzee yuko ng'ambo na mbuzi wake hana habari kwamba amekwisha kuzikwa kwa mdomo. Lilikuwa jibu zuri, jibu la Walter kabisa, na lingewaweka hapo mwaka mwingine. Akafungua kinywa alitoe. Kisha akaiona Jumapili ijayo na zile za baada yake, zimepangana mbele yake, na mwili wote ukamwambia hapana.

"Basi amekufa," alisema.

Ombui aliacha kufuta meza. Akasema polepole kwamba jamani, tusiharakishe, huenda huyo binti hakuwa na habari. Hata sisi tumewahi kusikia mtu amekufa na hajafa. Anyona alishangaa kumsikia Ombui, muuaji wa mfalme, akimtetea kwa jibu lile lile ambalo yeye amelimeza.

"Amekufa, Ombui. Tufunge hayo mambo."

Alimaliza soda yake ili asionekane ameondoka kwa hasira, akawaaga kila mmoja kwa mkono. Ombui alimsindikiza mpaka mlangoni. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Anyona alitembea ndani yake taratibu, na akiwa njiani alihisi wepesi, ule wepesi wa mtu aliyetua gunia. Alijiambia kuwa mama yake pia ameteseka vya kutosha, kwamba ni ukatili kumkatalia mama mzee jambo analoliomba kila juma, na kwamba kama ni la leo liishe leo.

Persis alikuwa sebuleni amempakata mtoto. Maureen alikuwa amelala chumbani. Mama alimwambia mwanawe avue viatu vyenye matope, akamwonyesha chai kwenye chupa. Waliongea Kikisii, kama kawaida yao. Anyona alipokwisha kuketi, mama yake akasema, macho yapo kwa mtoto, kwamba Obadiah amepiga tena leo. Anauliza lile jambo.

"Mpe," Anyona alisema. "Mtoto aitwe Walter."

Persis aliendelea kumbembeleza mtoto kwa muda, kwa mwendo ule ule, kana kwamba hakusikia. Kisha akaacha.

"Umesemaje?"

"Nimesema mpe, Mama. Nimechoka. Umeniuliza mara zote hizi, na mimi nakunyima. Sasa nimekubali."

Alikuwa ametarajia machozi, ya aina inayoleta nafuu. Alikuwa hata ameandaa la kusema. Lakini mama yake alimtazama kwa macho makavu, na uso wake ukazeeka pale pale akiuona.

"Mimi nilikuwa nakuuliza ili ukatae," alisema.

Anyona hakuelewa, na ikabidi amweleze, kwa sauti ya chini wasimwamshe mzazi. Obadiah alipokuja kumkera, alimjibu kwamba Anyona amekataa. Wanawake wa kanisani walipomnong'oneza, aliwajibu kwamba Anyona amekataa. Kila Jumapili alikuwa akiulizia lile neno hapana kama mtu anayechota maji ya kutumia juma zima. Alijiambia kwamba kijana wake amesoma, yuko mjini, anaongea na watu wa mbali kwa kompyuta, hawezi kukataa hivihivi. Lazima kuna kitu anakijua. Akishasikia amekataa, alilala.

"Kumbe hukuwa unajua kitu," alisema.

"Sikuwa najua kitu, Mama."

Persis aliitikia kwa kichwa. Anyona akahisi baridi ya nguo zilizolowa, zote kwa pamoja, akaelewa alichokifanya. Alidhani anashikilia peke yake, na kumbe mama yake alikuwa amening'inia hapo hapo, kwenye mkono wake, miezi yote hiyo. Akasema haraka kwamba basi anakataa. Alisema amekosea, ni uchovu tu, hapana, mtoto asipewe hilo jina, wangoje kama walivyokuwa wakingoja. Alilisema lile neno hapana mara kadhaa, na kila mara lilitoka jepesi kuliko la kwanza.

"Umeshasema," mama yake alimjibu. Hakuwa na hasira. "Hilo nimelisikia likitoka moyoni. Haya mengine unanionea huruma tu."

Mvua ilipiga mabati, na Anyona akalia yeye, mtu mzima, uso umefunikwa kwa viganja. Mama yake hakumkataza. Alingoja amalize, kisha akamwambia aende amwamshe Maureen, kwa sababu jina halitajwi mama wa mtoto akiwa usingizini. Maureen alikuja amejifunga leso, akawatazama wote wawili, akaelewa pasipo kuambiwa, akaketi karibu na mama mkwe wake na kumshika bega.

Persis alimfunua mtoto uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwita Walter. Alilisema mara moja, wazi, kama alivyolisema alipokuwa yeye mwenyewe msichana mwenye mtoto wa kwanza mikononi. Akamwombea kwa maneno machache. Halafu akamkabidhi Anyona, akamwambia naye amwite, kwa kuwa baba wa mtoto lazima asikike.

Anyona alimpokea. Jina hilo alikuwa amelitaja mara zisizo na idadi, kwa makarani waliomwambia angoje, kwenye mlango wa wakala aliyehama, kwa simu iliyozimwa, kwa mama yake na kwa Ombui. Hakuwa amemwita nalo mtu aliye mbele yake tangu uwanja wa ndege. Akasema, "Walter."

Mama yake akatikisa kichwa.

"Sema tena," alimwambia. "Umesema kama unamtafuta mtu."

Anyona alimtazama mtoto, akasema tena.